Amplifaya Ndogo, Ukumbi Mkubwa: Kupata Sauti Safi ya Gitaa Bila Kununua Wati

Somo la toleo hili ni la wapiga gitaa, lakini hata wewe unayekaa kwenye kamati ya sherehe usigeuze ukurasa, maana mwisho wa yote lawama huwa zinakuja kwako. Unajua hali ilivyo. Desemba inafika, Watanzania wana siku yao tarehe 9, Wakenya wana Jamhuri tarehe 12, ukumbi umekodiwa, pilau ipo, na bendi ya wanafunzi imefanya mazoezi mwezi mzima kwenye chumba cha mtu. Chumbani gitaa lilikuwa linaongea. Ukumbini, watu mia moja na hamsini wakishaingia na drums zikianza, mambo ni mawili tu: ama gitaa halisikiki kabisa, ama mpigaji anafungua volyumu mpaka mwisho na linaanza kukwaruza kama redio ya mkaa.

Wengi hapo hukata shauri wakanunue amplifaya kubwa. Mimi nasema subiri kidogo. Pesa hiyo ni karo, au ni nusu ya nauli ya kwenda nyumbani. Amplifaya ndogo ya vali ina sauti safi nyingi kuliko unayoitoa sasa, na sehemu kubwa ya sauti hiyo inapotea njiani kwa sababu ambazo hazihusiani na wati.

Tuelewane maneno kwanza. Amplifaya ya vali ni ile yenye taa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa kwa nyuma, kama redio za babu zetu. Na ndogo hapa maana yake wati 5 mpaka 15. Kuna Fender Champ za zamani, wati 5 hivi na spika ya inchi 8. Kuna Epiphone Valve Junior, ya wati 5 pia, iliyotoka katikati ya miaka ya 2000 na ambayo siku hizi utaipata mkono wa pili tu. Kuna Fender Blues Junior ya wati 15 na spika ya inchi 12. Wanafunzi tunazipenda kwa sababu zinaeleweka: bei inavumilika, chumba ni kidogo, jirani ana mtihani kesho, na unaweza kuibeba kwenye treni ya Metro bila kuomba radhi kwa behewa zima.

KWA NINI SISI HATUTAKI IKWARUZE

Ukisoma vitabu vya gitaa vya huku Marekani, utaona kwamba mtu akinunua amplifaya ndogo ya vali, nia yake mara nyingi ni kuikwaruzisha. Wana haki, ndiyo muziki wao. Hapa hapa Washington na vitongoji vyake aliishi Roy Buchanan, mpigaji mkali wa Telecaster, ambaye alijulikana kwa kufungua Fender Vibrolux yake mpaka mwisho halafu anaitawala kwa volyumu ya gitaa lenyewe. Sauti ile inalia, inapasuka, inapendeza. Lakini ukiipeleka kwenye benga au rumba au dansi la Dar, umeharibu chakula.

Sababu si ushamba wala mazoea tu. Ni fizikia, na wale waliokua kwenye kwaya wataielewa haraka. Gitaa letu la solo mara nyingi linapiga nyuzi mbili kwa pamoja, sauti mbili zinazotembea sambamba kama soprano na alto. Chukua do na mi. Tuseme do ni hezi 440. Mi itakuwa kama hezi 554. Amplifaya ikiwa safi, zinatoka hizo mbili, basi. Ikianza kukwaruza, inatengeneza sauti ambazo hukuzipiga: moja ni jumla ya zile mbili, nyingine ni tofauti yake. Tofauti ni hezi 114, ambayo imepita do ya chini (110) lakini haijafika noti inayofuata (116.5). Yaani ni noti isiyo na kwao, imekaa chini pale pale anapofanyia kazi mpiga besi. Jumla ni hezi 994, na hiyo iko karibu sana na re. Wewe umepiga do na mi, amplifaya inamwongezea msikilizaji re pamoja na mngurumo uliopotea njia. Tena amplifaya zenye vali moja tu ya mwisho, kama Champ, ni hodari sana kwa aina hii ya kuongeza.

Sasa weka gitaa la pili, la rizimu, na kama ni mtindo wa Kikongo weka na la tatu katikati yao. Kila moja lina re zake. Pale ambapo magitaa yalitakiwa kuongea, huyu akiuliza na yule akijibu, unapata uji. Sikiliza rekodi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au za D.O. Misiani na Shirati Jazz, au Orchestra Virunga ya Samba Mapangala, ambaye baadaye alihamia upande wetu huu wa Maryland. Hata rekodi ikiwa chakavu, unaweza kufuata kila gitaa linakwenda wapi. Wazee wale hawakuwa na vifaa vya ajabu, ila sauti iliachwa wazi.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni Extra Golden, bendi iliyokuwa na mguu mmoja Washington na mwingine Nairobi. Ian Eagleson alikwenda Kenya kufanya utafiti wa shahada juu ya benga, akaungana na Otieno Jagwasi, Onyango Wuod Omari na rafiki yake Alex Minoff. Albamu yao ya kwanza, Ok-Oyot System, ilitoka 2006, wakati Jagwasi alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Ile ya pili, Hera Ma Nono ya 2007, ina wimbo wa kumshukuru Obama, aliyekuwa seneta wakati huo, kwa msaada wa viza. Wale walikuwa wanachanganya rock na benga makusudi. Zisikilize kama mwanafunzi: ni wapi gitaa limeachwa likwaruze, na ni wapi halikuachwa.

WATI SI SAUTI

Sikio letu ni la ajabu. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3, na desibeli 3 ni kitu ambacho mtu anayeongea na mwenzake kule nyuma ya ukumbi anaweza asikitambue. Ili sikio liseme "hii imekuwa mara mbili", unahitaji desibeli 10 hivi, na desibeli 10 ni wati mara kumi. Kwa hiyo amplifaya ya wati 50 haina sauti mara kumi ya ile yako ya wati 5. Ina sauti mara mbili. Rudia kusoma sentensi hiyo kabla hujafungua pochi.

Ukiielewa hesabu hiyo unaona mara moja kwamba kununua wati ndiyo njia ya gharama kuliko zote. Desibeli zinapatikana kwingine kwa bei rahisi, na duka la kwanza ni spika.

SPIKA, SPIKA, SPIKA

Kila spika ya gitaa ina namba inayoonyesha inatoa desibeli ngapi ukiipa wati moja na kuipima kutoka mita moja. Kuna spika ndogo za inchi 8 ambazo hazifiki mbali ya 92. Celestion Vintage 30, spika ya inchi 12 inayojulikana sana, imeandikwa 100. Tofauti ni desibeli 8. Fanya hesabu: desibeli 8 ni sawa na kuzidisha wati mara 6.3. Maana yake Champ ya wati 5, ukiichomoa kwenye spika yake ndogo na kuiunganisha kwenye boksi lenye spika ya inchi 12 ya namba 100, inafanya kazi ya amplifaya ya wati zaidi ya 30 iliyofungwa kwenye ile spika ya zamani. Na hujagusa vali hata moja. Wala hujaifungua zaidi, kwa hiyo usafi uko pale pale.

Boksi lenye spika mbili linaongeza tena, karibu desibeli 3 nyingine, kwa sababu spika mbili zikisukuma hewa pamoja zinasaidiana. Ndiyo maana ukiona mtu ameweka kijiamplifaya cha ukubwa wa mkate juu ya kabati la spika nne usimcheke. Huyo amesoma.

Ila spika ina masharti, na hapa naomba utulie.

Kwanza, omu. Nyuma ya amplifaya pameandikwa inataka spika ya omu ngapi: 4, 8 au 16. Champ inataka takriban 4. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa 4. Zikiunganishwa kwa mfuatano zinakuwa 16. Kwa Champ basi, boksi la spika mbili za omu 8 zilizofungwa sambamba linakaa kama lilitengenezwa kwa ajili yake. Pili, usiwashe amplifaya ya vali na kupiga bila spika. Amplifaya za transista nyingi zinavumilia, ya vali haivumilii: nguvu ikikosa pa kwenda inarudi kwenye transfoma ya kutolea sauti, na transfoma hiyo ikiungua umepoteza kifaa cha bei kuliko vyote ndani ya boksi lile. Tatu, waya. Usiunganishe spika kwa waya wa gitaa, hata kama vichwa vyake vinafanana. Waya wa gitaa ni mwembamba ndani, umetengenezwa kubeba mnong'ono. Nunua waya wa spika.

Kabla ya kununua spika yoyote, beba amplifaya yako dukani ukaijaribu. Kwa sisi wa eneo hili mahali pa kuanzia ni Wheaton, kwenye Red Line, kwa Chuck Levin, duka linaloitwa Washington Music Center. Lilianza 1958, likawa mjini H Street mpaka lilipochomwa kwenye ghasia za Aprili 1968 baada ya kuuawa Martin Luther King, ndipo likahamia Wheaton. Uombe kwa adabu uiunganishe kwenye boksi la inchi 12, upige dakika mbili wimbo unaoujua, halafu urudishe spika yako ya zamani. Sikio lako litakuambia zaidi ya makala hii.

VALI ZA MWANZO: HAPA WENGI HUDANGANYIKA

Kuna dawa inayosifiwa sana, ya kubadilisha vali ndogo ya mwanzo. Vali ya kawaida pale ni 12AX7, ambayo hupewa alama 100 ya ukuzaji. Zipo ndugu zake zinazoingia kwenye soketi ile ile: 5751 ina 70 hivi, 12AT7 ina 60, 12AY7 ina 45 hivi, na 12AU7 ina 20 tu. Ukitoa 12AX7 ukaweka 12AY7, gitaa linaingia ndani likiwa limekuzwa kidogo, na pale ambapo zamani volyumu ikifika 4 inaanza kukwaruza, sasa inakwenda mpaka 6 au 7 ikiwa safi.

Mtu anafurahi: nimepata sauti safi zaidi! Si kweli sana. Ulichopata ni nafasi kubwa zaidi ya kuzungusha volyumu. Vali ya mwisho, ile yenye kazi ya kusukuma spika, bado ni ile ile na dari lake ni lile lile la wati 5. Ni kama kupunguza kasi ya bomba la kujazia ndoo. Ndoo haijawa kubwa. Hata hivyo mimi naipenda dawa hii kwa mwenye gitaa lenye pikapu kali (pikapu ya gitaa jamani, si ile ya Toyota), kwa sababu kwake mkwaruzo unaanza kwenye vali za mwanzo kabla ya wati kuisha. Akipunguza ukuzaji pale, wati zake zote 5 zinatumika zikiwa safi. Gharama ni ndogo, na ukichoka unarudisha ya zamani. Zima, subiri ipoe, vali za moto zinaunguza vidole.

Kama vali za mwisho ni za zamani, hilo ni jambo jingine. Vali iliyochoka inapoteza nguvu polepole mpaka mwenyewe hujui. Kwenye Champ unachomoa 6V6 ya zamani unachomeka mpya, haihitaji kurekebishwa chochote. Kwa amplifaya nyingine muulize fundi kwanza.

Na ile ya kubadilisha vali ya kurekebisha umeme, kutoa 5Y3 na kuweka GZ34 ili volti zipande? Mimi siipendi kwa amplifaya ndogo. Unapata desibeli 1, labda 2, na gharama yake ni kuzichosha 6V6 na transfoma ambazo hazikupangiwa mzigo huo.

BESI INAKULA WATI ZAKO

Hili ndilo ningepigia mstari kama ningekuwa nimeandika kwa kalamu. Sikio la binadamu linasikia vizuri zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000. Sauti za chini linazisikia kwa shida, kwa hiyo zinataka nguvu nyingi ili zionekane zipo. Uzi mnene wa gitaa ukiwa wazi ni hezi 82. Ukifungua besi kwenye amplifaya ya wati 5, sehemu kubwa ya wati hizo inakwenda kusukuma mngurumo ambao mpiga besi anautoa vizuri zaidi yako, na transfoma ndogo ya kutolea sauti inajaa kwanza kwa sauti za chini. Amplifaya inakwaruza, si kwa sababu ya solo unayopiga, bali kwa sababu ya tope lililoko chini yake.

Punguza besi. Punguza zaidi ya unavyodhani. Ukiwa peke yako chumbani utaona gitaa limekuwa jembamba, kama la mtoto. Vumilia, usihukumu mpaka besi na drums ziingie. Solo ya benga na sebene inakaa juu, na nafasi yake iko pale pale sikio lilipo kali. Valve Junior haina besi wala trebo ya kuzungusha, ina volyumu tu, kwa hiyo mwenye nayo anahitaji pedali ya kurekebisha sauti. Boss GE-7, kwa mfano, ina vitelezi saba kuanzia hezi 100 mpaka 6,400. Teremsha cha 100, teremsha na cha 200 kidogo, pandisha cha 800 na cha 1,600 kwa kiasi, halafu shusha kile cha mwisho cha kiwango cha jumla ili usije ukaizidishia vali ya mwanzo. Fundi anaweza pia kubadilisha kapasita ndani ya amplifaya ili besi ipungue moja kwa moja, lakini pedali inatoka na kuingia bila bisibisi.

Pedali nyingine ya kufikiria ni kompresa. Ukichomoa uzi kwa kidole au kwa piki, kuna kishindo cha mara moja pale mwanzo, kisha sauti inashuka. Kishindo kile ndicho kinachogonga dari na kukwaruza, wakati sauti inayobaki nyuma yake ina nafasi tele. Kompresa inakata kishindo na kukuachia upandishe kilichobaki. Wapiga benga hasa, wenye mkono wa kudonoa, watanufaika. Usiifungue mno, maana ikizidi gitaa linakosa pumzi na mdundo unalala.

Bure kabisa: teremsha pikapu mbali na nyuzi kwa mizunguko michache ya bisibisi, na punguza volyumu ya gitaa lenyewe kutoka 10 mpaka 7 au 8. Ni kitasa kile kile cha Roy Buchanan, sisi tunakitumia kwa kazi ya kinyume.

MIGUU HAINA MASIKIO

Tazama bendi nyingi za wanafunzi, amplifaya iko sakafuni nyuma ya mpigaji, inapigia ndama za miguu yake. Yeye haisikii, anaongeza. Mtu wa mstari wa mbele amekaa, spika inamlenga usoni, anaziba sikio. Sauti za juu zinatoka kwenye spika zikiwa zimenyooka kama mwanga wa tochi. Usipokuwa mbele yake huzipati. Ipandishe amplifaya juu ya kiti au meza imara, au iegemeze nyuma itazame juu kuelekea kichwa chako. Hapo utasikia kwamba sauti ilikuwepo siku zote. Isogeze karibu na ukuta kama ukumbi ni mkavu, lakini usiiweke pembeni kabisa mwa chumba, pembe inarudisha besi ile ile uliyoipunguza kwa taabu.

Umbali nao unakula. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6. Ndani ya kuta hasara inapungua kiasi, lakini miili ya watu na nguo zao inanyonya. Amplifaya ya wati 5 yenye spika ya namba 100 inaweza kutoa desibeli 107 ukiipima mita moja, na hizo zinatosha kukaa pamoja na drums zinazopigwa kwa busara. Kwa cookout ya watu hamsini kwenye bustani, au sebule ya mtu Silver Spring, hapo umemaliza. Kwa ukumbi wa watu mia mbili hapana, na sitaki kukudanganya. Ukumbi mkubwa ni kazi ya maiki.

Chukua Shure SM57, maiki iliyotoka mwaka 1965, na ambayo katika mji huu unaiona kila mara bila kujua: ndiyo ile ya mbele ya Rais wa Marekani anapohutubia, tangu enzi za Lyndon Johnson. Iweke vidole viwili kutoka kitambaa cha spika, usiilenge katikati kabisa bali pembeni kidogo ya katikati, na ipeleke kwenye mitambo ya ukumbi pamoja na waimbaji. Sasa amplifaya haina kazi ya kujaza ukumbi. Kazi yake ni kutoa sauti nzuri kwa maiki na kukusikilizisha wewe na mpiga drums. Hata Champ na spika yake ya inchi 8 inatosha, mradi iwe safi. Mwambie anayeshika mitambo mapema kwamba unataka gitaa safi, na kwamba magitaa yako mawili asiyaweke yote katikati. Moja kushoto kidogo, jingine kulia kidogo. Kama spika za ukumbi zote mbili zinapokea sauti moja, basi mgawane kwa urefu, solo ikae juu ya shingo ya gitaa na rizimu ikae chini.

USIFUNGUE NYUMA KAMA HUJUI

Mambo yote niliyotaja hapo juu unaweza kuyafanya kwa mikono yako isipokuwa yale ya fundi. Ndani ya amplifaya ya vali kuna volti 300 na zaidi, na kapasita zake zinashikilia umeme hata baada ya kuichomoa ukutani. Mhandisi wa mwaka wa pili ndiye ninayemwogopa kuliko wote, kwa sababu anajua kiasi cha kufungua. Kuchomoa vali kwenye soketi yake kwa nje, sawa, baada ya kupoa. Kuvua sahani na kuingiza bisibisi, mpelekee fundi. Na kama amplifaya ya zamani ina waya wa ukutani wenye miguu miwili tu, usiipige jukwaani kabla fundi hajaufunga wa miguu mitatu wenye ardhi. Midomo yako itagusa maiki na vidole vitagusa nyuzi, na kama vifaa hivyo viwili havielewani juu ya ardhi iko wapi, njia ya umeme ni wewe.

SIKU YA KURUDI NYUMBANI

Wengi tunanunua huku tukiwa na nia ya kurudi nayo. Umeme wa hapa ni volti 120 na hezi 60. Tanzania ni 230, Kenya na Uganda 240, zote kwa hezi 50. Ukiichomeka Champ ya Marekani moja kwa moja kwenye ukuta wa Kariakoo, fyuzi ikiwahi una bahati. Kwanza angalia nyuma kama ina swichi ya kuchagua volti, au muulize fundi wa huku kama transfoma yake ina nyaya za volti mbili. Akiifunga kwa 230 kabla hujasafiri, kazi imekwisha. Kama haina, utahitaji transfoma ya kushusha umeme. Soma wati za matumizi zilizoandikwa nyuma ya amplifaya (hizo ni za kula umeme, si zile 5 za sauti), halafu nunua transfoma yenye uwezo mara mbili ya hapo. Hezi nazo hazibadilishwi na transfoma hiyo, kwa hiyo amplifaya iliyopangwa kwa hezi 60 tu itapata joto zaidi kidogo kwenye 50. Iachie hewa nyuma, isiegemee pazia.

Transfoma hiyo ni nzito. Ukiwa na begi la kilo 23, ni afadhali kuinunua Nairobi au Dar kuliko kubeba chuma kutoka Maryland. Spika unaweza kuibeba, ifunge kwa nguo na kadibodi ngumu mbele ya karatasi yake. Vali zichomoe zote kabla ya safari, andika kwa karatasi ipi ilikaa wapi, zivingirishe kwenye soksi, uziweke kwenye begi la mkononi.